Siku za Bamvua Ushongo

Alhamisi

Tumetoka Tanga mjini kabla ya adhuhuri kwa Hiace. Shangazi alipewa kiti cha mbele kwa heshima ya umri wake, na kwa kuwa alikuwa mbele akapakatishwa kikapu cha vifaranga cha abiria wa nyuma. Vifaranga wawili waliingia kwenye mkoba wake wa dawa. Mmoja alitolewa Tongoni, wa pili Kigombe.

Pangani tulishuka kivukoni. Mto unapoingia baharini hapa ni mpana, una rangi ya chai ya maziwa, na maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na vibanda. Shangazi alisimama akautazama kwa muda mrefu. Yeye ni mzaliwa wa Boma Ng'ombe, wilaya ya Hai, na Kikuletwa ndio mto wa utoto wake. Kikuletwa hukutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo mto unaitwa Pangani. Unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme pale Hale, kisha unashuka mpaka huku. "Maji haya nayajua tangu yakiwa madogo," alisema. Aliinama kuyagusa. Mtumbwi wa injini ulipita wakati huohuo na wimbi lake likamlowesha hadi kiwikoni. Saa yake ya mkononi, aliyozawadiwa alipostaafu ukunga, imesimama saa nane na dakika 20.

Ng'ambo, upande wa Bweni, tulipanda bodaboda mbili kwenda Ushongo, mwendo wa kilomita kama 15. Bodaboda yangu iliishiwa petroli katikati ya mashamba. Dereva alichukua chupa akaenda kwa miguu kutafuta. Nilikaa kando ya barabara nikiwaza habari za mkonge, kwa sababu ni ng'ambo hii ya mto, Kikogwe, ndiko zao hilo lilikoanzia nchini. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Mingi ilikufa safarini, iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza dunia kwa katani. Dereva alirudi na petroli nusu chupa, akaomba radhi, akasema itatosha. Ilitosha.

Tumefika magharibi. Chumba kiko hatua chache kutoka mchangani. Ufunguo haukuzunguka, kitasa kimeliwa na chumvi. Mama mwenye nyumba aliutia mafuta ya nazi, mlango ukafunguka, na tangu hapo haukubali kufungwa. Tumeegemeza kiti. Ubaoni karibu na mlango amebandika jedwali la maji kupwa na kujaa la mwezi mzima, na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Soma kwanza, ndipo upange." Ni ushauri mzuri na nilikusudia kuufuata kesho asubuhi.

Ijumaa

Usiku mbuzi amekula jedwali. Kimebaki kipembe chenye mwaka na pini mbili.

Mama mwenye nyumba hakushtuka. Alitupeleka kwa mzee anayeshona nyavu chini ya mkungu, ambaye hajawahi kuhitaji karatasi hiyo. Mzee aliuliza leo ni mwezi ngapi. Mimi nikajibu Julai. "Hapana, mwanangu, mwezi wa mbinguni." Ni mwezi 14. Basi akatueleza polepole. Mwezi ukiwa mpevu, na vilevile ukiandama, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, na hilo ndilo bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, nguvu zao hupingana, yakawa maji mafu. Pwani hii, siku za bamvua, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Shangazi aliyaandika yote nyuma ya kadi yake ya kliniki, akamsomea mzee alichoandika, mzee akathibitisha. Sasa tuna jedwali jipya ambalo mbuzi hawezi kulifikia.

Saa tatu bahari ilikuwa imeondoka. Sina namna nyingine ya kulieleza: pale tuliposikia mawimbi usiku palikuwa na uwanja mkubwa wa mchanga, majani ya baharini na vidimbwi, na maji yenyewe yalikuwa mstari mweupe mbali kwenye mwamba. Wanawake wa kijiji walikuwa wamekwisha tangulia, kila mmoja na ndoo na fimbo ya chuma, wakitafuta pweza. Tuliwafuata. Kiatu cha kushoto cha Shangazi kilizama kwenye tope na hakikuonekana tena, ingawa watu watatu walichimba.

Mama mmoja alitufundisha kulijua shimo la pweza. Mlangoni mwake hulundika maganda ya kaa na chaza aliokula, na mara nyingine hujiziba kwa vijiwe. Shangazi alilipata shimo la namna hiyo akaingiza bakora yake. Pweza akaishika. Alivuta, nayo ikavutwa kuelekea ndani.

"Usivute, Bibi," yule mama alimwambia. "Muache ashike. Akidhani ameshinda atatoka."

Tulisubiri tukiwa tumesimama ndani ya maji ya magoti, bila kuzungumza. Kweli, mkono wa pili ulitokeza, kisha wa tatu, na yule mama akamtoa kwa chuma chake. Alimpiga mwambani mpaka akalainika. Wino uliruka. Gauni langu la safari ni la kitambaa cheupe na sasa lina doa kutoka begani hadi kiunoni. Yule mama alisema wino wa pweza hautoki, nami namwamini, kwa sababu alisema kwa huruma.

Mchana tulikula mchuzi wa pweza wa nazi na wali. Sijala pweza mtamu kama huyu. Nimeulizia siri yake, nikaambiwa ni kumpika siku hiyohiyo na kutomuwekea chumvi mapema.

Alasiri kusi lilipiga kwa nguvu likaondoa kanga za Shangazi kwenye kamba. Moja ilipatikana juu ya paa la makuti la jirani, moja bado.

Jumamosi

Tulipatana na nahodha atupeleke kisiwa cha Maziwe leo. Saa kumi na mbili alfajiri alikuja mlangoni kutuambia hatuendi. Povu lilikuwa jeupe mwambani kote na upepo haujalala tangu jana.

"Msisikitike, Bibi," alimwambia Shangazi. "Kisiwa kipo, hakiendi popote."

Tukaamua kwenda Pangani mjini. Kivukoni tulifika saa nne, yaani kilele cha kukupwa, na siku ya bamvua. Mto ulikuwa umeshuka sana na pantoni ilikuwa chini, mlango wake umelala mteremko mkali. Lori la nazi lilijaribu kupanda. Magurudumu ya nyuma yaliteleza, nazi za juu zikaporomoka, nyingine zikaingia mtoni zikaelea kuelekea baharini. Vijana waliogelea kuzifuata. Lori halikwenda mbele wala nyuma, na kila aliyekuwa kivukoni alisubiri nalo, kwa kuwa pantoni ni moja. Tuliketi kwenye gogo pamoja na mwalimu wa sekondari, mama mwenye mtoto wa wiki moja na mtu wa kuuza madirisha.

Watu walizungumzia daraja linalojengwa hapo mtoni, la mita 525, katika barabara mpya ya kuunganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga. Wapo wanaoogopa kwamba daraja litaleta kelele na utulivu wa ng'ambo utakwisha. Shangazi aliwasikiliza, kisha akauliza swali moja tu: mama mwenye uchungu wa kuzaa akizidiwa Mwera, ng'ambo ya mto, saa nane za usiku, anavuka na nini? Mama mwenye mtoto alitujibu alivyovuka yeye, kwa mtumbwi, mvua inanyesha. Baada ya hapo hakuna aliyelizungumzia daraja kwa wasiwasi. Mimi nalitaka daraja hilo liishe mapema. Utulivu wa pwani hii ni wa thamani, lakini haufai kulipiwa na wazazi.

Maji yalipoanza kurudi, pantoni ilipanda nayo, mteremko ukapungua, na lori likapanda lenyewe bila kusukumwa.

Mjini tulitembea taratibu kwenye mtaa wa maduka ya zamani, nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao, milango ya nakshi, chokaa imebanduka. Ni mji mdogo leo na unaonekana umelala, lakini vita vilivyotikisa pwani nzima vilianzia hapa. Mwaka 1888 wakala wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alikuja Pangani kupandisha bendera ya kampuni, akaidharau mamlaka ya liwali wa Sultani wa Zanzibar. Watu walimkataa. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyekuwa na shamba la miwa hukuhuku, akawa kiongozi, na mapigano yakaenea kwenye miji mingi ya pwani. Wajerumani walimnyonga hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye hakuishi sana: Wahehe wa Mkwawa walimuua huko Lugalo mwezi Agosti 1891. Wageni wengi hupita mji huu wakikimbilia ufukweni bila kujua hata moja la haya. Nasikitika, kwani mtu akijua, kila baraza analopita linakuwa na uzito mwingine.

Tulinunua halwa, bado ya moto. Niliiweka mkobani pamoja na shajara hii. Kurasa mbili zimegandana na sitajaribu kuzitenganisha.

Jumapili

Upepo umepungua usiku. Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi kwa mashua ya injini, nahodha, baharia kijana, Shangazi, mimi na sufuria la pilau lililofungwa kwa kitambaa. Maziwe iko kusini-mashariki ya mdomo wa mto, kilomita chache tu kutoka nchi kavu, na haionekani kutoka ufukweni.

Katikati ya njia injini ilizimika. Nahodha alitoa plagi, akaipuliza, akaifuta kwa kofia yake, akairudisha. Haikuwaka. Akarudia. Mashua ikawa inayumba mahali pamoja, na kuyumba mahali pamoja ni kubaya kuliko kwenda. Shangazi alitapika, akanawa uso kwa maji ya chumvi, akaomba ndizi. Wakati anaila, pomboo walitokea upande wa kulia, wakubwa na mtoto mmoja, wakapita chini ya mashua yetu wakatokea upande wa pili. Shangazi alisimama kuwaona na ndizi ikaanguka majini. Injini iliwaka.

Kisha mbele yetu, katikati ya bahari, pakatokea mchanga. Mweupe mno, hauna mti, hauna jiwe, hauna kivuli. Karibu saa tano, maji yalipokupwa kabisa, ulikuwa umejinyoosha kiasi cha mtu kuweza kutembea kwa raha, na pembeni miamba ya matumbawe ilikuwa imejitokeza. Tuliogelea. Miwani yangu ya kuzamia ilivuja jicho la kushoto, basi nimewaona samaki wa Maziwe kwa jicho la kulia: pono wakitafuna matumbawe kwa sauti inayosikika kabisa, chewa amejificha, na samaki wadogo wa manjano wengi ambao baharia aliwataja na upepo ukalichukua jina.

Mwavuli wetu ulichukuliwa vilevile. Baharia aliufukuza ukamshinda.

Hapa palikuwa na kisiwa hasa. Wazee wa Pangani wanakikumbuka kikiwa na mivinje, kivuli na wavuvi wakipumzika. Kasa walipanda kutaga kwa wingi, wakiwemo ng'amba, na kwa ajili yao Maziwe ilifanywa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Lakini mivinje ilikatwa. Miti ile ndiyo iliyokuwa imeushika mchanga, nayo ilipoondoka bahari ikaumega kisiwa upande hadi upande, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na ardhi inayobaki juu wakati wa maji makubwa. Hifadhi ilikuwa imeandikwa, kisiwa chenyewe kikaondoka.

Shangazi alimkumbusha nahodha maneno yake ya jana.

"Mchanga upo, Bibi," alijibu. "Kisiwa ndicho kilichokwenda. Baba yangu alilala hapa chini ya miti, mimi sijaiona."

Kasa bado wanakuja. Jike hurudi kutaga maeneo alikoanguliwa, na kasa huishi sana: huchukua miaka 20 hadi 40 kukomaa. Kwa hiyo inawezekana wapo miongoni mwao walioanguliwa chini ya mivinje ileile, na wanarudi na kuukuta mchanga tu. Wanataga. Mayai yakiachwa, bamvua linayafunika, na kijusi kilicho ndani kinapumua kupitia ganda, basi kinakufa maji. Ndiyo maana walinzi wa Pangani huyafuata mayai kwa mashua, wakayachimbua kwa uangalifu na kuyazika upya Ushongo, kwenye mchanga usiofikiwa na maji. Nilisimama pale nikaona fadhili ya kazi hiyo. Watu hawakuweza kurudisha kisiwa, wakaamua kuwa kisiwa wao wenyewe.

Saa sita tulitaka kuondoka. Mashua ilikuwa imekaa mchangani. Maji yalikuwa yameiacha, imelala ubavu, na watu wanne hawawezi kuisogeza. Nahodha alisema hakuna shida, bahari itairudisha. Tukatandika mkeka tukafungua pilau. Tulipokuwa tunapakua, maji yalifika kwenye mkeka. Tukasogea juu. Maji yakafika. Tukasogea tena, kisha hapakuwa na juu pa kusogea, mkeka ukakunjwa, tukala tumesimama, sahani mkononi, maji yakiwa kwenye vifundo. Mashua ilikuwa bado imekaa. Maji yalipofika chini kidogo ya magoti ya Shangazi, mashua ilitikisika, ikajiinua, ikasimama sawa. Nahodha alimbeba Shangazi na sufuria. Tulipogeuka nyuma, Maziwe ilikuwa utepe mwembamba, na kabla hatujafika nusu ya njia ikawa bahari.

Pilau ilikuwa nzuri. Ilihitaji pilipili.

Jumatatu

Leo hatukwenda popote.

Tumbili waliingia barazani wakati wa chai wakachukua mkate wa kumimina wote pamoja na kasha la miwani ya Shangazi. Kasha walilirudisha kwa kulitupa kutoka juu ya mti. Miwani haikuwemo ndani, alikuwa ameivaa.

Kwa ajili yangu mama mwenye nyumba aliweka kitanda cha kamba kwenye kivuli cha mnazi. Nazi ilianguka nusu hatua kutoka miguuni. Akakihamishia kwenye mkungu, kwa mzee wa nyavu. Nililala mpaka maji yalipojaa, nikaamka, nikayatazama yanavyorudi nyuma, nikalala. Kwa siku zote za mwaka huu, hii ndiyo niliyoihitaji zaidi.

Jumanne

Asubuhi mlinzi wa viota alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wageni kwamba kiota kimoja kitafunguka jioni. Kwa kawaida mayai huangua baada ya siku kama 50 hadi 60, naye huhesabu tangu usiku yalipozikwa. Ada ya watazamaji hugawanywa, sehemu inaendesha uhifadhi na sehemu inakwenda kijijini. Shirika la Sea Sense ndilo lililojenga mpango huu pamoja na wanavijiji. Naona ni mpango wa haki. Mtu ambaye zamani angeuza mayai ya kasa sasa ana sababu ya kuyalinda, na sababu yenyewe iko mfukoni mwake.

Saa kumi na moja tulikuwa tumekusanyika: watalii wachache, watoto wa shule wengi, mama mwenye nyumba, hata mzee wa nyavu. Maji yalikuwa yanajaa kwa hiyo njia ya vifaranga ilikuwa fupi. Mlinzi alitupanga pande mbili na kutupa masharti: hakuna tochi, hakuna mwanga wa simu, hakuna kugusa. Kasa mchanga hufuata mwanga, na kwa asili mwanga wa usiku ni wa baharini. Taa ya nyumba humpoteza akaelekea barabarani. Alitueleza pia kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia yao. Mchanga wa joto hutoa majike, wa baridi hutoa madume. Mtoto mmoja aliuliza mchanga wote ukipata joto itakuwaje. Mlinzi alisema hilo ndilo linalomnyima usingizi, na ndiyo maana wanachagua mahali pa kuzika.

Alipofukua kidogo kwa vidole, mchanga ulianza kuchemka kama uji. Kichwa kimoja, viwili, kisha wote kwa pamoja, wadogo wa kutosha kiganjani, weusi, wakipiga makasia hewani kabla ya kufika ardhini. Shangazi alianza kuwahesabu kwa sauti, kwa namna aliyokuwa akihesabu wodini, "huyu wa kumi, huyu wa kumi na moja, mama hongera," na hakuna aliyemzuia.

Mmoja alitumbukia kwenye alama ya unyayo wa mtu na hakuweza kutoka. Kwa kifaranga wa kasa unyayo ni bonde. Binti wa darasa la pili hivi alichukua kuti akausawazisha mchanga mbele yake bila kumgusa, na watoto wengine wakafanya vivyo hivyo mpaka njia yote ikawa laini. Kaa mmoja alijitokeza akafukuzwa kwa kofia. Kifaranga mwingine aligeuka akaingia ndani ya kiatu cha Shangazi, kile cha kulia kilichobaki, alichokuwa amekivua. Mlinzi alikichukua kiatu, akakielekeza baharini, akasubiri. Kifaranga alitoka mwenyewe. Wimbi kubwa lilikuja wakati huohuo likawachukua watatu, na kiatu.

Inakadiriwa kwamba ni mmoja tu kati ya 1,000 anayefikia ukubwa. Niliwatazama wale wa kwanza wakiinuliwa na povu, wanazama, wanatokeza vichwa kuvuta pumzi, na nikaomba kwa dhati kabisa kila mmoja awe ndiye. Mlinzi alitaka kuandika idadi daftarini, kalamu yake ikaisha wino. Nikampa yangu. Maelezo haya nayaandika kwa penseli ya mtoto wa mwenye nyumba.

Jumatano

Tumeaga asubuhi. Shangazi amevaa kandambili za mama mwenye nyumba, alizopewa kwa masharti ya kuzirudisha yeye mwenyewe, si kwa mtu. Kanga ya pili imepatikana: mbuzi alikuwa ameilalia.

Tukiwa njiani kwenda Tanga tuliteremka Tongoni, tukaenda kwa miguu mpaka kwenye magofu. Kuna msikiti ulioporomoka na makaburi zaidi ya 40, baadhi yake ya nguzo, ya karne ya 14 na ya 15. Nguzo chache zimesimama, nyingi zimelala. Kwenye matumbo ya nguzo kuna matundu ya mviringo yalimokuwa yamepachikwa mabakuli ya Kichina, yote yameng'olewa. Mikoko iko karibu, na bahari haiko mbali. Mtu yeyote anayepumzika pwani hii anafaa kufika hapa, atumie saa moja, alipe kiingilio. Mahali hapa panastahili watu zaidi ya wawili kwa asubuhi nzima. Jamaa anayepatunza alitutembeza kaburi kwa kaburi, akafagia majani mbele yetu kila tulipokwenda.

Mahali hapa zamani paliitwa Mtangata. Mwaka 1498 meli ya msafara wa Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye fungu la mchanga baharini karibu na hapa, ikakaa ikisubiri maji yajae. Wenyeji walikwenda kwa mitumbwi wakawapelekea mabaharia machungwa, na Wareno wenyewe waliandika kwamba ni mazuri kuliko ya kwao. Meli ilielea ikaenda zake. Mwezi Januari 1499, wakati wa kurudi kutoka India, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye na waliobaki hawakutosha meli tatu. Wakaichoma São Rafael papa hapa.

"Kiseyeye ni upungufu wa vitamini C," Shangazi alisema. "Walipita penye dawa."

Barabarani hapakuwa na kivuli. Palikuwa na mama anauza machungwa ya Muheza, na Shangazi alinunua ya mfuko mzima. Gari la Tanga lilikuja limejaa. Konda alisema nafasi ipo. Tulipopanda, mfuko ulipasuka na machungwa yakatawanyika chini ya viti hadi mlango wa nyuma. Abiria waliinama wakayaokota, yakapitishwa mkono kwa mkono mpaka mbele. Shangazi aligawa, moja kwa kila aliyeokota na moja kwa dereva. Konda alichukua mawili, akasema hayo ni nauli ya mzigo.